Nia ya Maisha: Habari ya Karani wa Mombasa

Mbele ya Fort Jesus, ile ngome ambayo Wareno walianza kuijenga katika mwaka wa 1593 kando ya Mji wa Kale wa Mombasa, yako makaburi ya ukoo wa Mazrui. Hapo alizikwa, katika mwezi wa Oktoba 2014, mzee wa miaka 81 aliyefariki mbali sana, katika mji wa Binghamton, Marekani. Profesa Ali Mazrui alisifika duniani kwa vitabu na hotuba zake. Lakini habari yake iwafaayo zaidi vijana, na wazazi wao pia, ni ya siku zile alipokuwa hana cheti cha kumfikisha popote.

Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka wa 1937 hata alipofariki katika mwaka wa 1947. Naye alikuwa mtu mwenye nia kubwa. Aliona kwamba Waislamu wa pwani wanaachwa nyuma katika elimu, akaanzisha magazeti, Sahifa katika mwaka wa 1930 na Al-Islah katika mwaka wa 1932, akiandika Kiswahili ili hata asiyejua Kiarabu apate kufahamu. Alitaka mwanawe aende Misri kusoma katika Al-Azhar, kisha arudi akiwa mwanachuoni wa sheria za dini. Mtoto alikuwa na miaka kumi na minne tu baba alipofariki, na safari ile haikufanyika.

Likaja pigo la pili. Katika mtihani wa cheti cha Cambridge kijana alipata daraja la tatu, na katika mwaka wa 1949 Chuo cha Makerere kikamkataa. Yafaa msomaji wa leo akumbuke maana ya jambo hilo. Siku hizo Makerere ndicho kilichokuwa chuo cha elimu ya juu cha Afrika ya Mashariki nzima. Kijana aliyekataliwa huko, ambaye jamaa zake hawakuwa na uwezo wa kumpeleka ng'ambo, alihesabiwa kuwa masomo yake yamekwisha. Ali Mazrui akapata kazi ya karani katika Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa.

Basi hapa ndipo mtu hupimwa. Wengi husema wana ndoto ya maisha, na kumbe wana tamaa tu: wanatamani cheo, au nyumba, au kusifiwa mtaani, na mlango mmoja ukifungwa hukaa barazani wakimlaumu aliyeufunga. Mwenye nia hujua ni kazi gani hasa anayoitaka, tena huifanya hata kabla ya kupewa ruhusa. Kijana huyu alipenda fikira na maneno. Kwa hiyo akaendelea kusoma na kusema mbele ya watu, ingawa mshahara wake ulikuwa wa ukarani. Siku moja alitoa hotuba katika sherehe ya Maulidi, na miongoni mwa waliosikiliza alikuwamo Gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell. Gavana alipendezwa, na kutoka hapo mambo yakaanza kufunguka, hata kijana akapata msaada wa kwenda Uingereza katika mwaka wa 1955.

Haifai kuificha bahati iliyomo katika habari hii. Makarani waliokuwa na akili njema na daraja la tatu walikuwa wengi, na wengi hawakupata gavana wa kuwasikiliza. Nia peke yake haimpi mtu nauli. Hata hivyo, kama kijana yule angekuwa ameacha kusoma siku alipokataliwa, gavana angefika, angekunywa kahawa yake, na kuondoka bila ya kusikia kitu.

Huko Huddersfield alianza kwa kumalizia masomo ya sekondari, hali amekwisha kuwa mtu mzima wa miaka ishirini na miwili. Mtu mwenye kiburi angeona haya. Akapata shahada yake Manchester katika mwaka wa 1960, nyingine Columbia, New York, mwaka uliofuata, na udaktari wa Oxford katika mwaka wa 1966. Alikuwa hajapata bado huo udaktari alipofanywa Profesa wa elimu ya siasa, katika mwaka wa 1965. Na chuo kilichompa cheo hicho ni kile kile Makerere.

Wazazi nao wana la kutazama hapa. Sheikh Al-Amin alimtakia mwanawe elimu ya dini; mwana akashika elimu ya siasa, lakini akayachukua maswali ya baba yake juu ya Uislamu, Afrika na Ulaya, akayatolea filamu za televisheni zilizoonyeshwa Uingereza na Marekani katika mwaka wa 1986.

Wala nia iliyofikiwa haina dhamana. Katika utawala wa Idi Amin, mwaka wa 1973, ilimlazimu kuiacha Makerere, akaanza tena ugenini katika Chuo Kikuu cha Michigan. Ile taasisi alimokuwa karani sasa ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, na vijana wa Mji wa Kale husomea humo shahada pasipo kuvuka bahari.