Saa ya Mwisho Kuonekana Mzima: Mwongozo wa Kushughulikia Dalili za Kiharusi Mahali pa Kazi

Daktari wa dharura anayempokea mgonjwa wa kiharusi huuliza maswali mengi, lakini lipo moja ambalo jibu lake hubeba uzito kuliko yote: mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi? Ndugu waliomkuta ameanguka bafuni alfajiri mara nyingi hawana jibu. Mahali pa kazi hali ni tofauti. Karani amesaini daftari la mahudhurio, keshia ametoa risiti yenye saa na dakika, dereva ameandikwa getini akitoka. Kazini ndiko saa zinakowekwa kwenye kumbukumbu, na wenzake wa meza ya jirani ndio wanaofahamu sauti yake na mwendo wake wa kila siku. Mwongozo huu unawahusu wasimamizi, watoa huduma ya kwanza, maofisa rasilimali watu na mfanyakazi yeyote anayeweza kujikuta ndiye shahidi wa kwanza.

Kiharusi hutokea damu inaposhindwa kufika sehemu fulani ya ubongo. Mara nyingi sababu ni bonge la damu lililoziba mshipa. Mara nyingine mshipa hupasuka na damu ikavuja. Barani Afrika visa vya mshipa kupasuka vinachukua sehemu kubwa zaidi kuliko ilivyo Ulaya. Kwa kumtazama mgonjwa, hata tabibu mwenye uzoefu wa miaka mingi hawezi kutofautisha aina hizo mbili kwa uhakika. Kinachozitenganisha ni picha ya ubongo, kwa kawaida ile ya CT scan. Tofauti hiyo si ya kitaalamu tu. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na dawa hiyohiyo akipewa mtu anayevuja damu kichwani yaweza kumuua. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2006 yanaonyesha kuwa mshipa mkubwa unapoziba, seli za ubongo zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika moja. Kikao cha dakika 30 cha kujadili kama mgonjwa apelekwe au asipelekwe kina gharama yake.

Wapo wanaoamini kuwa kiharusi ni maradhi ya wazee waliostaafu. Utafiti uliofanyika wilayani Hai na jijini Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikuta visa vipya kwa mwaka, baada ya kuzingatia tofauti za umri, vikiwa takriban 109 kwa kila watu 100,000 huko Hai na takriban 316 Dar es Salaam. Kiwango cha Dar es Salaam kilikuwa juu ya vile vya nchi nyingi tajiri. Shinikizo la damu lisilodhibitiwa ndilo linaloongoza kati ya visababishi vinavyoweza kuzuilika, nalo huwakuta watu wakiwa katikati ya utumishi wao. Kisukari, uvutaji wa sigara, maradhi ya moyo na selimundu navyo vimo, na selimundu huweza kuleta kiharusi hata kwa kijana.

Alama kuu ya kiharusi ni ughafla. Uso unalegea upande mmoja, mkono au mguu wa upande mmoja unakosa nguvu au kufa ganzi, na maneno yanakorogeka. Upimaji wake hauhitaji kifaa chochote. Mgonjwa huombwa aonyeshe meno, na anayetazama huangalia kama pembe moja ya mdomo imebaki chini. Huombwa anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja vikitazama juu, afumbe macho. Ukishuka mmoja ndani ya sekunde kama 10, hiyo ni dalili. Kisha hurudia sentensi fupi, kwa mfano: leo mvua imenyesha Morogoro. Hapa inafaa kuwa mwangalifu. Wapo watu ambao kwa lafudhi yao ya kuzaliwa huchanganya l na r, na wapo wenye kigugumizi. Kinachopimwa ni tofauti kati ya usemi wa sasa na usemi wa mtu huyohuyo jana, na anayeijua tofauti hiyo ni mwenzake wa kazini. Mfanyakazi wa kike anayevaa nikabu apimwe uso na mwanamke mwenzake, mahali pa faragha. Upimaji wa mkono na usemi haupaswi kungoja hilo. Dalili moja kati ya hizo tatu inatosha kuanza safari.

Zipo dalili nyingine zinazopita bila kutiliwa maanani kwa sababu hazifanani na picha ya kupooza iliyozoeleka. Jicho moja, au nusu ya eneo la kuona, linaingia giza ghafla. Mtu anapoteza mizani, anatembea kama aliye ndani ya jahazi lililokumbwa na mawimbi. Kichwa kinauma kwa ghafla na kwa ukali ambao hajawahi kuujua. Mwingine anazungumza kwa ufasaha, lakini maneno hayana maana, au anashindwa kuelewa agizo jepesi la kufunga dirisha.

Tuchukue mfano wa mhasibu msaidizi anayejaza hati za malipo kwa mkono. Hati ya kwanza hadi ya sita zina mwandiko wake wa siku zote, wima na wa kubana. Ya saba mistari inaanza kuteremka. Ya nane tarakimu zinavuka safu, na kalamu imedondoka mara mbili. Mwenzake anamuuliza kama amechoka. Anajibu kwa neno linalosikika nusu, na chai imechuruzika kwenye pembe ya mdomo bila yeye kuifuta. Hakuanguka, hakulia, hana maumivu yoyote. Kwa kuwa hana maumivu, yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kusema apumzike kidogo kwenye kochi la mapokezi. Ushauri huo ndio wa kuukataa kwa upole na kwa uthabiti. Ubongo ulioumia mara nyingine hupoteza hata uwezo wa kutambua kwamba umeumia, hivyo kauli ya mgonjwa kwamba yuko salama haitoshi kuahirisha chochote. Hati ya sita, kwa upande wake, ni ushahidi wa kitabibu: ikijulikana ilijazwa saa ngapi, saa ya mwisho kuonekana mzima imepatikana.

Kosa linalosikitisha kuliko yote ni la kuhukumu. Mlinzi wa zamu ya usiku anayekutwa anayumba na kuongea kwa ulimi mzito huambiwa amelewa. Hufungiwa kibandani alale pombe imtoke, na barua ya onyo huandaliwa. Mwezi wa Ramadhani kizunguzungu huhesabiwa kuwa ni saumu. Anayeanguka akiwa na mdomo uliopinda husemwa amepigwa na jini, na safari ya kwanza ikaelekezwa kwingine kabisa. Imani za watu zistahiwe, lakini msimamizi wa kazi ana wajibu mmoja usio na mjadala: mtu aliyebadilika ghafla apelekwe hospitali kwanza, na maelezo mengine yote yasubiri. Hata kama kweli amekunywa, mlevi naye hupata kiharusi.

Mara dalili inapoonekana, mtu mmoja aandike saa. Katika nchi zetu jambo hili lina mtego wake. Mfanyakazi aliyekuwa mzima hadi saa nne asubuhi akiandikiwa 4:00 kwenye karatasi, daktari anayesoma saa za kimataifa ataona alfajiri ya saa kumi. Saa sita zimeongezwa kwa kalamu tu, na mgonjwa ameonekana amechelewa kwa tiba ambayo bado ilikuwa ndani ya muda wake. Iandikwe kwa maneno, saa nne na dakika kumi asubuhi, na pembeni yake 10:10. Aliyekutwa akiwa tayari na dalili, ama ameamka nazo, saa inayohesabika si ile ya kukutwa bali ile ya mwisho kuonekana mzima.

Mtu wa pili ashughulikie usafiri na hospitali. Sehemu nyingi haiwezekani kutegemea gari la wagonjwa lifike haraka, kwa hiyo kila taasisi inapaswa kuwa imeamua mapema, kabla ya siku ya tukio, gari gani litatumika, nani ana ufunguo, na hospitali ipi ya karibu ina CT scan inayofanya kazi mchana na usiku. Simu ipigwe hospitalini gari likiwa linatoka, ili mapokezi wajiandae. Bodaboda haifai kumbeba mtu ambaye upande mmoja umelegea. Pale ambapo hospitali yenye kipimo hicho iko mbali kwa saa kadhaa, au mgonjwa amepoteza fahamu au anapumua kwa shida, kituo cha karibu kina kazi yake: kulinda njia ya hewa, kupima sukari na kuandika rufaa. Sukari ikishuka sana huweza kuiga kiharusi kikamilifu, na kipimo chake ni tone la damu na sekunde chache. Kituo kisigeuzwe mahali pa kulala kusubiri kesho.

Shahidi aliyeona mwanzo wa dalili apande gari pamoja na mgonjwa, kwa sababu maswali ya daktari yatamhusu yeye. Abebe kadi ya bima, namba ya ndugu wa karibu na dawa zilizomo mkobani mwa mgonjwa. Daktari atataka kujua hasa kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Hata hospitali isiyo na dawa ya kuyeyusha bonge ina mengi ya kufanya katika saa za kwanza, kuanzia kupima kama mgonjwa anameza salama hadi kudhibiti sukari na homa. Tetesi kwamba kiharusi hakina tiba hivyo hakuna haja ya haraka zimewagharimu wengi.

Yapo ya kutofanywa, na mengi huanza kwa nia njema. Mgonjwa asipewe maji, chai, maziwa wala uji, maana koo lililolegea hupeleka kimiminika mapafuni. Asipewe aspirini, kwa kuwa hakuna anayejua kama mshipa umeziba au umepasuka. Asiwekewe kidonge cha presha chini ya ulimi kilichoazimwa kwa mwenzake. Presha ikiporomoshwa ghafla, ubongo unaokosa damu hukosa zaidi. Ushauri unaozunguka kwenye simu wa kumtoboa ncha za vidole kwa sindano hauna msingi. Kuchuliwa kwa mafuta kunakula muda. Aliye na fahamu alazwe kichwa kikiwa kimeinuliwa kidogo, mkono uliolegea ukiegemezwa. Aliyepoteza fahamu lakini anapumua alazwe ubavu.

Dalili zinazopotea zenyewe zinastahili aya yao. Mdomo unapinda kwa dakika kumi, kisha unanyooka, na ofisi nzima inashukuru Mungu na kurudi kazini. Kinachoitwa kiharusi cha mpito ni onyo, na hatari ya kiharusi kamili kufuata ni kubwa zaidi katika saa 48 za mwanzo. Mtu huyo anakwenda hospitali siku ileile, hata kama anacheka.

Kuhusu ruhusa, hakuna haja ya saini ya mkuu wa idara ili mgonjwa atoke getini. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003 inamwelekeza mwajiri kuwa na huduma ya kwanza, na utaratibu wa ndani unaomzuia mtoa huduma hiyo kutumia gari wakati wa dharura ni utaratibu wa kufutwa. Sheria hiyo pia ndiyo msingi wa upimaji wa afya za wafanyakazi. Namba ya presha inayopatikana siku hiyo isiishie kabatini. Anayesoma 140/90 au zaidi kwa vipimo vya kurudiwa anahitaji kliniki, na msimamizi anayemnyima nusu siku ya kwenda kliniki leo anajiandalia pengo la miezi. Heshima ya mgonjwa ni sehemu ya wajibu: asipigwe picha, habari zake zisiwekwe kwenye kundi la WhatsApp la kazini, na ndugu wapigiwe na mtu mmoja aliyeteuliwa, kwa maneno ya hakika.

Baada ya hospitali huanza awamu ndefu ambayo maofisa rasilimali watu hawapaswi kuisimamia kwa huruma peke yake. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mfanyakazi ana likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, kwa kuwasilisha cheti cha daktari. Sheria hiyohiyo inakataza ubaguzi kwa msingi wa ulemavu. Kabla ya kufikiria kumwachisha kazi kwa sababu ya afya, mwajiri anatakiwa kuchunguza kiwango cha athari na kutafuta namna ya kumrekebishia majukumu au kumpa kazi nyingine, naye mfanyakazi asikilizwe. Mhasibu ambaye mkono wa kulia umebaki dhaifu anaweza kuhakiki hati kwenye kompyuta kwa mkono wa kushoto; dereva kwa kawaida hatarudi kwenye usukani mpaka daktari aridhie kwa maandishi. Saa za mazoezi ya viungo ziingizwe kwenye ratiba ya kazi tangu wiki ya kwanza ya kurejea, zikiwa na siku na muda maalumu, kwa kuwa mfanyakazi aliyetoka kuugua mara chache huthubutu kuziomba mwenyewe.