Aliyeanza na Aliyejikinga Hawalingani



Mama mmoja wa Cheyo, hapa Tabora, alitujia akiwa na barua ya shule mkononi. Mwanawe wa kidato cha pili alikuwa amesimamishwa masomo majuma mawili kwa kosa la kupigana. Kijana alimweleza mama yake kwamba mwenzake mkubwa alimshika nyuma ya bweni, akampiga ngumi mbili, naye akamsukuma mpigaji hata akaanguka. Mpigaji naye alipewa barua ile ile, kwa siku zile zile. Mama hakuja kulalamika, alikuja kuuliza: "Padre, nimfundishe nini mwanangu? Akipigwa tena, atulie apigwe, ili asikose masomo?"

Shule ile hatuitaji, kwa maana sisi hatukuwapo nyuma ya bweni lile. Lakini swali la mama huyu ni swali la wazazi wengi, nalo linastahili jibu.

Kwanza tuwatendee haki walimu. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hukuta vijana wawili vumbini, mmoja anatoka damu puani, na kila mmoja anamwonyesha mwenzake kidole. Mashahidi ni rafiki za huyu au rafiki za yule. Akimwadhibu mmoja, baba yake atakuja kesho akisema mwalimu ana upendeleo. Basi huona ni salama kuwaadhibu wote wawili, na kusema kwamba shuleni kupigana ni kupigana. Tunaielewa shida yake. Lakini njia hiyo, ijapokuwa nyepesi, si njia ya haki. Waswahili husema kwamba mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Mtego hauna budi kuwa hivyo, kwa sababu hauna akili. Mwalimu anayo.

Tutazame sasa mafundisho juu ya kujikinga. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alieleza katika karne ya 13 kwamba tendo moja laweza kuwa na matokeo mawili: moja lililokusudiwa, yaani kuuhifadhi uhai, na jingine lisilokusudiwa, yaani kuumia kwake aliyeshambulia. Mwenye kujikinga kwa nia hiyo hana hatia, mradi asitumie nguvu kuliko inavyohitajika. Katekisimu ya Kanisa iliyotolewa mwaka 1992 inafundisha vivyo hivyo.

Mtu atauliza: je, hatukuambiwa tumgeuzie shavu la pili anayetupiga? Ndiyo, tuliambiwa, tena neno hilo linavunja kisasi hata mizizi yake. Lakini tukumbuke habari ya Bwana wetu mbele ya Anasi, katika sura ya 18 ya Injili ya Yohane. Mtumishi mmoja alimpiga kofi. Yesu hakurudisha kofi, wala hakunyamaza kana kwamba kofi lile lilikuwa halali. Alimtaka mpigaji aonyeshe kosa liko wapi, na kama hakuna kosa, aeleze sababu ya kumpiga. Kusamehe ni jambo jema sana, lakini hakutufundishi kumwita mpigaji na mpigwaji kwa jina moja.

Sheria ya nchi nayo inatofautisha. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu cha 18 na vifungu vidogo vinavyokifuata, inatambua haki ya mtu kujikinga na kumkinga mwenzake, kwa nguvu ya kiasi kinachohitajika tu. Kanuni za mwaka 2002 juu ya kufukuza na kuzuia wanafunzi, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, zilitaja miongoni mwa sababu za kumfukuza mwanafunzi utovu wa nidhamu ulio wa kudumu na wa makusudi. Kusimamishwa majuma mawili si kufukuzwa, lakini kipimo hicho chatufaa: kijana aliyemsukuma mshambuliaji mara moja ili ajinasue, je, utovu wake ni wa kudumu? Nayo Katiba, katika ibara ya 13(6), inataka mtu asikilizwe kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa.

Jambo hili limewasumbua hata wengine mbali na sisi. Mwaka 1971, katika mji wa Columbus, Marekani, wanafunzi wengi walisimamishwa masomo kwa sababu ya ghasia za shuleni. Mmoja wao, Dwight Lopez, alisema alikuwa mtazamaji tu, wala hakuharibu kitu. Hakuna aliyemsikiliza kabla ya kumrudisha nyumbani. Kesi yao ilifika Mahakama Kuu Kabisa ya nchi ile, nayo mwaka 1975 iliamua kwamba hata kusimamishwa siku kumi au pungufu hakufai pasipo mwanafunzi kuelezwa kosa lake na kupewa nafasi ya kutoa maelezo yake. Mahakama haikudai kesi ndefu yenye mawakili. Ilidai mazungumzo tu baina ya mwalimu na mtoto.

Kuna hatari nyingine ambayo wakubwa huisahau. Mtoto mwonevu hujifunza upesi. Akiona kwamba wote wawili wataadhibiwa sawasawa, humwambia mdogo: "Ukinigusa, tutakwenda nyumbani wote." Yeye hajali kukosa masomo, yule mwingine anajali, kwa kuwa baba yake aliuza mpunga ili apate ada. Hivyo amri iliyowekwa kuwalinda wadogo inageuka kuwa fimbo mkononi mwa mwonevu, na bweni zima linanyamaza.

Basi tufanye nini?

Mwalimu awatenganishe vijana, amsikilize kila mmoja peke yake, kisha mashahidi. Aulize mambo manne: Ni nani aliyeanza? Je, mwingine aliweza kukimbia au kupiga kelele? Je, alitumia nguvu kupita kiasi? Je, aliacha hatari ilipokwisha? Kazi hii huenda ikachukua mchana mmoja. Majuma mawili ya masomo yaliyopotea huchukua zaidi. Na kama ukweli haukupatikana, bora adhabu nyepesi pamoja na ulinzi kuliko adhabu nzito ya kubahatisha.

Mzazi asiende shuleni na hasira, wala asiamini neno la mwanawe tu. Amwulize kwanza nyumbani kwa utulivu maswali yale yale manne. Kisha aende kwa Mwalimu Mkuu na kuomba maelezo kwa maandishi. Asiporidhika, aende kwenye bodi ya shule, halafu kwa afisa elimu. Kudai kusikilizwa si utovu wa adabu.

Nawe kijana, jua mpaka. Ukiweza kuondoka, ondoka. Ukiweza kuita msaada, ita. Ukibanwa, jikinge kwa kiasi cha kujinasua. Lakini ukimwendea jioni pamoja na rafiki zako ili kumlipa, hapo hujikingi tena: wewe ndiwe unayeanza.

Hapa Tabora, mahali pa njia kuu ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, wapagazi wa Kinyamwezi walizoea mizigo ya karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi. Mzigo haukuwekwa begani kabla ya kupimwa. Adhabu nayo ni mzigo, nao unawekwa juu ya bega la mtoto.

Kwa hiyo mama yetu wa Cheyo tulimjibu hivi: Usimfundishe mwanao kutulia apigwe, wala usimfundishe kulipiza. Mfundishe kujikinga kwa kiasi na kusema kweli yote, hata ile inayomhusu yeye mwenyewe. Kisha mshike mkono, mwende shuleni pamoja, mkaombe asikilizwe.