UPINDE: NGUVU ZAKE NA SHERIA ZAKE

Katika nyika iliyo nyuma ya pwani ya Kenya, kandokando ya mto Galana na kuelekea mto Tana, wako watu waitwao Waata, ambao watu wa pwani waliwaita Waliangulu. Kwa vizazi vingi kazi yao kubwa ilikuwa kuwinda ndovu kwa upinde na mishale. Mtu mmoja, akishika mti uliopindwa na uzi wa kano za mnyama, aliweza kumwangusha ndovu dume mwenye uzito wa tani 5. Waliolijua jambo hili waliuliza: nguvu hizo zatoka wapi? Baadaye serikali nayo ikauliza swali lake: je, uwindaji wa namna hiyo uruhusiwe? Maswali hayo mawili yamefungamana, wala mtu hawezi kulielewa la sheria asipolielewa kwanza lile la nguvu.

NGUVU ZA UPINDE HUPIMWAJE

Mtu avutapo upinde, mkono wake hufanya kazi, na kazi ile huwekwa akiba katika mti uliopindika. Aachiapo upote, yaani uzi wa upinde, akiba ile hutoka mara moja na kuingia katika mshale. Upinde hauna nguvu za kwake. Hutoa zile tu ulizopewa na mkono, tena si zote, kwa maana sehemu yake hupotea katika kutikisika kwa mti na upote.

Desturi ni kuutaja upinde kwa uzito wa kuuvuta. Upinde wa ratili 60 ni ule ambao, ukivutwa mpaka mwisho, wahitaji nguvu zilizo sawa na kuinua ratili 60, yaani kama kilo 27. Lakini uzito huo peke yake hautoshi. Lazima kuuliza pia upote huvutwa umbali gani.

Hesabu nyepesi yaonyesha jambo hili. Mwanzo wa kuvuta uzito ni sifuri, na mwisho wake ni ratili 60. Kwa hiyo wastani ni ratili 30. Upote ukivutwa inchi 20, basi 30 mara 20 ni 600, na 600 ikigawanywa kwa inchi 12 za futi moja, hupatikana futi-ratili 50. Futi-ratili moja ni kazi ya kuinua kitu cha ratili moja kwa kimo cha futi moja. Hiyo ndiyo akiba iliyomo katika upinde kabla ya kuachiwa.

UPINDE WA MTAMBO

Iko namna nyingine ya upinde, ambayo hulazwa juu ya gogo lenye kitako kama cha bunduki. Upote wake huvutwa na kutegwa juu ya kikwamo, na mshale wake mfupi huruka mpigaji abonyezapo kifyatulio. Huo ni upinde wa mtambo. Watu wengi hudhani kwamba ni lazima uwe na nguvu kuliko upinde wa mkono, lakini sivyo. Upinde wa mtambo wa ratili 100 ambao upote wake huvutwa inchi 10 tu huweka akiba ya futi-ratili 42, na hiyo ni pungufu kuliko ile ya upinde wa mkono wa ratili 60. Ndiyo sababu mafundi wa Ulaya wa zamani walitengeneza pinde za mtambo za chuma zenye uzito wa mamia ya ratili, ambazo hazikuweza kuvutwa ila kwa wenzo au kwa gurudumu.

Faida ya mtambo ni nyingine. Ukisha kutegwa, mkono hauchoki, na mtu asiye na mazoezi mengi aweza kupiga shabaha kwa muda mfupi. Upinde wa mkono hudai miaka ya mazoezi. Katika merikebu ya vita ya Uingereza iitwayo Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982, zilipatikana pinde zaidi ya 130, na wataalamu hukadiria kwamba nyingi zilikuwa na uzito wa ratili 100 mpaka 185. Mtu hakuweza kuvuta upinde kama huo asipoanza mazoezi tangu utoto.

Kwa sababu hiyo sheria za Uingereza za mwaka 1541 ziliwataka wanaume wawe na pinde za mkono na kujizoeza, lakini zikakataza upinde wa mtambo na bunduki kwa kila mtu asiye na pato la pauni 100 kwa mwaka, fedha nyingi sana siku zile. Silaha iliyodai mazoezi ilihimizwa. Silaha iliyokuwa rahisi kwa kila mtu iliogopwa.

MSHALE HUUAJE

Risasi huvunja mfupa na kupasua nyama kwa nguvu. Mshale hauwezi kufanya hivyo. Huua kwa kukata. Kigumba chake kikali kikipenya moyo au mapafu, damu hutoka na mnyama hufa. Kikipiga mahali pengine, mnyama hukimbia na jeraha.

Upinde wa Mwata ulikuwa mgumu sana, na nyingi zilizidi ratili 100. Kwa hesabu ile ile, upinde wa ratili 100 uliovutwa inchi 20 una akiba ya futi-ratili 83. Bunduki kubwa ya kuwindia ndovu hutoa risasi yenye futi-ratili 5,000 au zaidi, yaani mara 60. Ni wazi basi kwamba si nguvu za upinde zilizomwangusha ndovu. Kazi ya upinde ilikuwa kuipenyeza sumu katika ngozi nene. Sumu ndiyo iliyoua.

Sumu hiyo hutokana na mti wa msunguti. Mwaka 1888 mtaalamu wa Ufaransa, Arnaud, aliitenga dawa iliyo ndani ya mti wa jamii hiyo, nayo huitwa uabaini. Ikiingia katika damu huuvuruga mwendo wa moyo mpaka usimame. Na madaktari wa Ulaya waliitumia kwa vipimo vidogo sana kutibu ugonjwa wa moyo. Waata waliipaka karibu na kigumba na kuifunga kwa ngozi nyembamba ili isikauke, kwa maana sumu iliyokauka hupoteza nguvu. Mwindaji alinyatia mpaka hatua chache kutoka kwa ndovu. Sumu ikiwa nzuri na mshale ukiingia barabara, ndovu hakwenda mbali. Sumu ikiwa mbovu, aliweza kutembea siku nyingi akiwa na maumivu, na pengine kufa mahali asipoonekana na mtu.

Waata hawakuwa peke yao. Wafang wa Gabon na Kamerun walitumia upinde wa mtambo wa mti wenye vishale vidogo vilivyopakwa sumu. Maana ni ile ile: palipo na sumu, nguvu za upinde zaweza kuwa chache.

SHERIA YA SUMU NA MASHAKA YA WAATA

Tarehe 8 Novemba 1933 wajumbe wa serikali zilizokuwa na mamlaka katika Afrika walitia sahihi mjini London mapatano ya kuhifadhi wanyama na mimea. Kati ya njia za kuwinda zilizokatazwa humo zilikuwamo sumu na silaha zenye sumu. Katika Kenya, mwindaji alitakiwa awe na leseni. Mwata, ambaye hakuwa na fedha za leseni wala bunduki, akajikuta kwamba kazi aliyofundishwa na baba yake imekuwa kosa.

Mwaka 1948 hifadhi ya Tsavo ilifunguliwa, na sehemu kubwa yake ilikuwa nyika ile ile ya Waata. Mwaka 1956 na 1957 walinzi wa wanyama, wakiongozwa na David Sheldrick na Bill Woodley pamoja na wengine, waliwaandama wawindaji wa pembe, na mafundi wengi wa upinde mkubwa wakafungwa gerezani. Lakini swali moja halikujibiwa na kifungo: mtu huyu atokapo gerezani, atakula nini? Mwaka 1960 ulianzishwa mpango katika nchi ya Galana, mashariki ya hifadhi, ili Waata wapate riziki halali kutokana na wanyama. Mpango huo haukudumu, na mwaka 1977 serikali ya Kenya ikapiga marufuku uwindaji wote.

Hata hivyo ndovu hawakupata amani. Ukame wa mwaka 1970 na 1971 uliwaua kwa maelfu, kisha wakaja majangili wenye bunduki za kisasa. Mwaka 1988 ndovu wa nchi ya Tsavo walipohesabiwa kutoka angani, walipatikana kama 5,400 tu, hali hapo zamani walikuwa makumi ya maelfu. Jambo hili halimaanishi kwamba mshale wa sumu haukudhuru. Maana yake ni kwamba kuondoa upinde mikononi mwa watu hakukutosha kumlinda mnyama maadamu bei ya pembe iliendelea kupanda.

SHERIA ZA NCHI MBALIMBALI

Nchi nyingine hazikukataza upinde kabisa, bali zilipima nguvu zake. Namibia iliruhusu uwindaji wa upinde mwaka 1997 kwa masharti: mshale uwe na futi-ratili 25 kwa wanyama wadogo, 40 kwa wale wa kadiri, na 65 kwa wakubwa, tena upinde wa mtambo haukuruhusiwa. Yafaa ikumbukwe kwamba hesabu hiyo ni ya mshale unaoruka, si ya akiba iliyo katika upinde. Ule upinde wa futi-ratili 50 uliotajwa juu, ukipoteza robo, hutoa mshale wa futi-ratili 37 au 38, nao haufai kwa mnyama wa kadiri. Katika Marekani, majimbo mengi hutaka upinde wa kuwindia usipungue uzito fulani, mara nyingi kati ya ratili 30 na 40.

Uingereza yenyewe, iliyowahimiza watu wake wavute upinde, ilikataza kwa sheria ya mwaka 1981 kuua ndege na wanyama wa mwitu wengi kwa upinde wa namna yo yote. Sheria ya mwaka 1987 nayo huzuia kuwauzia vijana pinde za mtambo, na umri uliowekwa sasa ni miaka 18.

Katika Kenya sheria ya wanyama ya mwaka 2013 hukataza uwindaji wa michezo na hata ule wa kupata kitoweo. Kuingia katika hifadhi na mshale au mkuki pasipo idhini ni kosa pia, ijapokuwa mtu hajamgusa mnyama.

UPINDE WA SHABAHA

Njia moja imebaki wazi, nayo ni shabaha. Katika michezo ya Olimpiki wapigaji husimama meta 70 mbali na shabaha yenye upana wa sentimeta 122, na duara la katikati, lenye alama 10, lina upana wa sentimeta 12.2 tu. Mwaka 2016 Shehzana Anwar aliipigia Kenya upinde katika Olimpiki ya Rio de Janeiro, naye ndiye aliyeibeba bendera ya nchi siku ya ufunguzi. Pinde za mchezo huu huwa nyepesi kuliko ule wa Mwata, kwa kuwa hapa kinachotakiwa si kupenya bali kulenga sawasawa mara nyingi.

Anayejifunza azishike kanuni hizi. Asiachie upote bila mshale, maana akiba isipopata mshale wa kuingia huupasua mti wenyewe. Asipige mshale juu angani, kwa kuwa hajui utaangukia nani. Atazame kilicho nyuma ya shabaha kabla ya kuvuta. Wala asiende kuokota mishale mpaka wote wameweka pinde chini.

Mshale ukisha kutoka haurudi. Mpigaji hupewa muda wa kufikiri wakati upote ungali mkononi, na watunga sheria nao wana muda kama huo. Sheria ipimayo upinde yapasa impime pia mtu aushikaye, na riziki yake, kabla haijaachiliwa.