Tangi la Kijani, Kazi Kidogo: Vidokezo 8 vya Kuchagua Taa

Unatamani tangi la samaki lenye majani mabichi, lakini kazi, watoto na foleni za barabarani vinakumalizia siku? Usijali. Siri iko kwenye taa, kwa sababu taa ndiyo inayopanga kasi ya mimea. Ikiwa kali, mimea itadai mbolea, gesi ya kaboni dayoksaidi na mkasi kila wiki. Ikiwa ya wastani, itakuachia Jumapili yako. Haya, twende!

1. Mimea kwanza, taa baadaye

Wengi hununua taa, kisha wanahangaika kutafuta mimea ya kuendana nayo. Wewe geuza. Anza na mimea isiyodeka: Anubias, kangaga la Java, Cryptocoryne. Anubias asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati, kwenye vijito vya msituni vyenye kivuli, kwa hiyo mwanga hafifu umeuzoea. Shina lake usilifukie kwenye changarawe, litaoza. Lifunge kwa uzi kwenye jiwe au kipande cha mti, basi.

2. Soma lumeni, achana na wati

Wati zinakwambia umeme utakaoliwa, si mwanga utakaoupata. Angalia lumeni kwenye boksi. Kwa mimea tuliyoitaja, lumeni 10 hadi 20 kwa kila lita zinatosha. Hujui tangi lako ni lita ngapi? Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000. Tangi la 60 kwa 30 kwa 30 ni lita 54, kwa hiyo unatafuta taa ya lumeni kati ya 540 na 1,080. Tangi likiwa na kimo cha sentimita 50 na kuendelea, egemea upande wa juu, maana mwanga hupungua kadiri unavyoshuka majini. Ukifika lumeni 40 kwa lita, anza kuulizia bei ya mtungi wa gesi!

3. Pitia duka la vifaa vya umeme

Nani kasema lazima taa itoke duka la samaki? Balbu ya LED ya wati 9 hutoa lumeni 800 hivi. Ifunge kwenye taa ya mezani yenye kofia inayoelekeza mwanga chini, na tangi letu la lita 54 limepata taa yake. Kwenye boksi tafuta 6500K, yaani mwanga mweupe wa mchana. Taa za buluu tupu ziache, hizo ni za matangi ya maji chumvi yenye matumbawe. Zile za kubadilika rangi? Washa wageni wakija. Mimea haitalalamika.

4. Mwachie taima kazi ya kuwasha

Ukibakiwa na hela ya kitu kimoja tu, nunua taima ya kuchomeka kwenye soketi. Mimea hii inahitaji mwanga kwa muda wa saa 6 hadi 8 kwa siku. Ndiyo, jua la kwetu huwaka karibu saa 12, lakini mwanga ambao mimea haiutumii hunufaisha mwani. Anza na saa 6, na uzipange uwepo nyumbani: kuanzia saa kumi jioni hadi saa nne usiku, kwa mfano. Mchana wa tangi unaupanga wewe. Kwa nini liwake wakati uko ofisini?

5. Umeme ukikatika, tulia

Taima za kuzungusha kwa mkono husimama umeme unapokatika. Ukikosekana saa mbili, ratiba nayo inachelewa saa mbili, na usiku wa manane sebule inawaka. Chagua ya kidijitali yenye betri ndani. Na usiifidie mimea saa ilizokosa. Siku moja ya giza haiiui. Kuhusu bili, taa ya LED ya wati 10 ikiwaka saa 7 kila siku inakula uniti 2.1 kwa mwezi.

6. Dirisha si taa

Jua la dirishani ni la bure, lakini halina swichi. Linapasha maji joto na kuotesha mwani kwenye kioo. Weka tangi ukutani, mahali jua lisipofika moja kwa moja. Nafasi hakuna? Bandika karatasi nene nyeusi upande unaotazama dirisha. Mandhari nayo itapendeza.

7. Mwani ukija, punguza

Tazama majani ya zamani ya Anubias. Yana vidoa vya kijani ambavyo hata ukisugua kwa kidole havitoki? Mwanga umezidi. Punguza saa moja kwenye taima, usubiri wiki mbili. Au inua taa sentimita chache, au isogeze Anubias chini ya kivuli cha mti. Mimea inayoelea nayo hufunika vizuri, ila ikizidi ikaushe juani, usiitupe mtaroni wala mtoni. Wavuvi wa Ziwa Victoria watakusimulia gugumaji lilivyowasumbua.

8. Usiihukumu taa wiki ya kwanza

Cryptocoryne ikihamishwa huweza kuyeyusha majani yote na kubaki kisiki. Usikimbilie kununua taa kubwa! Mizizi iko hai. Acha kila kitu kama kilivyo, na baada ya wiki kadhaa majani mapya yatachomoza. Wakati unasubiri, futa kioo cha juu kinachoshika matone, na uache waya wa taa uning'inie chini kidogo ya soketi kabla haujapanda, ili maji yakitiririka yadondokee sakafuni.

Kwa hiyo leo usiku pima tangi, piga hesabu, andika lumeni zako kwenye simu. Kesho muuzaji akikuonyesha taa ya lumeni 3,000, msifie bidhaa yake, kisha mwombe ile ndogo.