Homa ya Sindano na Ukali wa Ugonjwa



Mwezi uliopita nilivuka bahari kwenda Lembeni, Upareni, kuwaamkia wakwe zangu. Huko nikakuta ubishi ule ule tunaousikia hapa kwetu majamvini tukichambua karafuu. Shemeji yangu na baba mkwe walichanjwa korona mwaka 2021, baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuchanjwa hadharani tarehe 28 Julai. Kijana alilala na homa siku mbili. Mzee, mwenye umri uliopita miaka 70, aliumwa mkono tu. Tangu hapo kijana husema, "Ikiwa sindano ilinilaza, korona yenyewe ingeniua." Na mzee hujibu kuwa mwili wake ni wa chuma.

Nilimwambia kwa adabu, "Baba, hesabu hiyo haikubali."

Maana chanjo hizo hazina virusi vya korona vilivyo hai. Homa ile ni kelele ya askari wa mwili wanapomwona mgeni, na askari wa kijana hupiga kelele zaidi. Katika jaribio kubwa la chanjo ya Pfizer, mwaka 2020, watu zaidi ya 43,000 waligawanywa makundi mawili: hawa chanjo, wale maji ya chumvi, na hakuna aliyejua kapewa nini. Baada ya sindano ya pili ya chanjo, homa iliwashika 16 katika kila 100 wa miaka 55 na chini yake, na 11 tu katika kila 100 waliozidi umri huo. Tena hata vijana waliodungwa maji ya chumvi, 24 katika 100 walilalamikia kichwa!

Sasa tazameni. Ugonjwa wenyewe uliua wazee kuliko vijana. Wanawake hutaja maudhi ya sindano kuliko wanaume, lakini wanaume ndio waliokufa zaidi. Lau homa ya sindano ingekuwa kipimo, mambo yangekuwa kinyume. Kinachoongeza ukali wa korona ni uzee, kisukari, shinikizo la damu na mengine ya namna hiyo.

Wala asiyepata homa asidhani sindano yake ilikuwa bure. Wengi katika jaribio lile hawakupata homa, na chanjo ilizuia ugonjwa kwa kadiri ya 95 katika 100.

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba tangu siku ile ya sindano aliacha kwenda kupimwa sukari, kwa kujiona mzima. Asubuhi yake tulikwenda pamoja zahanati.

Kwa wachumaji wetu: ukichanjwa chanjo yoyote, ngoja kidogo hapo hapo kituoni, na ukivimba uso au ukibanwa na pumzi mwite mganga mara moja. Ukiwa na homa au kizunguzungu, usipande mkarafuu mpaka ikutoke. Ikizidi siku tatu, rudi kituoni.

Katibu