Mrija wa Kifuani Hutolewa Lini?
Majeruhi wa ajali ya bodaboda au aliyedungwa kisu huenda akawekewa mrija kifuani ili hewa na damu iliyojaa kando ya pafu itoke. Kwa sababu ya maumivu, jamaa wengi huomba utolewe mapema. Daktari hutazama kwanza mambo matatu: eksirei ionyeshe pafu limefunguka, chupa isitoe mapovu hata mgonjwa akikohoa, na majimaji yawe yamepungua, kwa kawaida hadi chini ya mililita 200 kwa saa 24. Ukitolewa kabla ya hapo, pafu laweza kusinyaa tena na mrija ukarudishwa. Mgonjwa aliyeruhusiwa nyumbani akihema kwa shida, akipata homa au maumivu makali ya kifua, arudishwe hospitalini mara moja.