Usingoje Gari Lijae: Mbinu za Steji ya Kisiwani

Kama una matatu kisiwani Mombasa, au unasimamia steji ya sacco yako, shika hili kwanza: abiria hatafuti gari kubwa. Anatafuta gari linaloondoka.

Piga hesabu. Una abiria 126 kwa saa, kutoka Feri kwenda Posta. Mabasi 3 ya viti 42 yatawabeba wote, lakini basi litatoka kila dakika 20. Matatu 9 za viti 14 zitabeba idadi ileile, na moja itatoka kila dakika 7 hivi. Viti havikuongezeka. Kilichopungua ni muda wa mtu kusimama juani.

Wazee wa kisiwa hiki walikuwa na usafiri wa namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 kulikuwa na vitoroli juu ya reli nyembamba kutoka upande wa Mji wa Kale hadi Kilindini. Kitoroli kimoja kilibeba watu wachache tu, kikisukumwa kwa mikono. Abiria akikaa, safari.

Sasa, kazi yenyewe. Pima muda wa gari kwenda na kurudi, pamoja na kupumzika. Ukiwa dakika 42, na unataka gari kila dakika 7, gawanya: unahitaji magari 6. Ukipeleka 10, yatalala kwenye foleni Digo Road yakichoma mafuta bure.

Ondoa gari kwa saa, si kwa viti. Saa nne asubuhi, gari likiwa na watu 8 na dakika zake zimetimia, liende. Viti vilivyobaki vitapata watu njiani, Nyerere Avenue. Hapa makanga atakubishia. Mwambie kwamba abiria aliyengoja dakika 25 leo, kesho atachukua bodaboda.

Magari mawili yakifuatana, zuia la nyuma. La mbele huokota watu wote, la nyuma hutembea tupu, kisha nyote mnaanza kukimbizana. Mpe mtu mmoja wa steji saa na daftari, na neno lake liheshimiwe na kila dereva.

Lakini dereva hataheshimu saa ikiwa jioni anadaiwa hesabu ya mwenye gari. Hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linaloharibu steji nyingi. Kaeni kikao cha sacco. Wekeni mapato ya njia hiyo pamoja, mgawane kwa idadi ya safari zilizofuata saa. Anzeni na njia moja, wiki moja.

Feri ina mawimbi yake. Chombo kikitua, watu hushuka kwa mamia, kisha kimya. Weka mtu wa kutazama maji. Chombo kikikaribia, sogeza magari mawili au matatu kwa pamoja. Asubuhi na mapema, hapo basi dogo la viti 33 lina nafasi yake. Usilikatae kwa sababu tu ni kubwa kuliko matatu za viti 14. Mchana lipumzishe, uache matatu ndogo zizunguke.

Usizibe upungufu kwa kusimamisha watu ndani. Kanuni za Waziri Michuki zilizoanza Februari 2004 zilikataza kupakia kupita viti. Ongeza safari.

Mji wa Kale usiingize matatu. Ndia Kuu ni nyembamba, na mama aliyetoka Marikiti na kapu anataka kufika karibu na mlango wake. Hiyo ni kazi ya tuk-tuk, abiria 3 kwa mara moja. Elewaneni na wenye tuk-tuk wasimame karibu na unaposhusha watu, kwa nauli ya kila kichwa inayojulikana. Abiria asianze kubishana bei akiwa na mizigo.

Ramadhani badilisha ratiba yote. Kabla ya futari kila mtu anakimbilia nyumbani kwa wakati mmoja, halafu barabara hutulia, halafu baada ya tarawehe watu hutoka tena. Ijumaa nayo ina adhuhuri yake.

Kesho nenda Feri saa kumi na mbili asubuhi. Usiseme na mtu. Andika saa ya kila gari linaloondoka, na watu waliobaki wamesimama. Karatasi hiyo ipeleke kwenye kikao.